Wawili safarini: ngoma ya Kigogo inavyozunguka dunia bila kijiji chake

Mwaka 2002 mwanamuziki wa Uingereza, Peter Gabriel, alizunguka Amerika Kaskazini kwa ziara yake iliyoitwa Growing Up. Kumbi zilikuwa zile kubwa zinazochezewa mpira wa kikapu, zenye maelfu ya viti. Kabla yeye hajapanda jukwaani walitangulia watu wawili kutoka Tanzania: Hukwe Zawose na Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake. Hawakuwa na bendi. Walikuwa na ilimba, zeze, njuga miguuni na sauti zao.

Msikilizaji wetu wa Chamwino, Mpwapwa au Manyoni akisikia hivyo atauliza swali moja: wengine walikuwa wapi? Ngoma ya Kigogo haipigwi na watu wawili. Makala haya yanaeleza ilikuwaje muziki wa kijiji kizima ukasafiri kwa mabega ya watu wawili, maisha ya safari hiyo yakoje, na nani anabaki nyumbani. Tunaandika kwa sababu kila tunapopiga muziki wa asili kwenye kipindi cha jioni, ujumbe wa vijana huja: "Mimi na ndugu yangu tunapiga zeze, tufanyeje tutoke?"

Muziki wa wengi

Tuanze na muziki wenyewe. Nyimbo za Kigogo kama nindo na msunyunho huimbwa na kundi. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na kila sauti ina njia yake, za chini na za juu, hadi zinafungana kama ukili. Kwenye muheme wanawake wanashika ngoma katikati ya mapaja na kuzipiga kwa mikono, kila ngoma ikiwa na neno lake. Ukiondoa watatu, utasikia pengo.

Lakini ipo sehemu nyingine ya muziki huu ambayo tangu zamani ni ya mtu mmoja. Ilimba ni chombo cha mwendo. Mchungaji anakitembeza nyuma ya ng'ombe, anakipiga kwa vidole gumba huku miguu inakwenda. Ni sanduku la mti lenye vijiti vya chuma vilivyopangwa juu yake. Wasichokijua wengi ni kwamba baadhi ya vijiti vya katikati havipigwi kabisa. Vipo ili vitetemeke vyenyewe jirani zao wanapopigwa, na ndiyo maana ilimba moja inasikika kama tatu. Kwenye sanduku kuna vitobo vilivyozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaotoa ule mvumo kama wa nyuki. Ukipasuka, ilimba inakuwa kavu.

Hukwe Zawose alitoka katika maisha hayo. Alizaliwa mkoani Dodoma katika familia ya wafugaji na akafundishwa muziki na baba yake. Miaka ya 1960 sifa zake zilimfikia Mwalimu Julius Nyerere, akaitwa Dar es Salaam kupiga muziki kwa niaba ya taifa. Baadaye akahamia Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanza mwaka 1981, ambacho leo tunakiita TaSUBa. Akafundisha, akatengeneza vyombo vikubwa kuliko vile vya wazee wake, ilimba zenye vijiti vingi na zeze zenye nyuzi nyingi. Na akajenga ukoo mzima wa wanamuziki, kilomita mia kadhaa kutoka Ugogo, kando ya bahari. Sauti yake ilishuka hadi kwenye besi ya kunguruma, kisha ikapanda nyembamba kama ya mtoto, ndani ya wimbo mmoja.

Miaka ya 1980 alianza kwenda Ulaya akiwa na wenzake. Mwaka 1996 lebo ya Real World, iliyoanzishwa na Gabriel mwaka 1989, ilitoa albamu yake ya Chibite. Mwaka 2002 ikafuata Assembly, aliyoifanya na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Kadiri jina lilivyokua, ndivyo safari nyingine zilivyofanywa na watu wachache zaidi.

Hesabu inayopunguza watu

Kwa nini wawili? Sababu kubwa haina uhusiano na muziki. Ni nauli.

Tufanye hesabu ya mfano. Tarakimu ni zetu, si za mtu yeyote. Tuseme kundi limealikwa Marekani kwa maonyesho matano, kila onyesho shilingi milioni 6. Jumla milioni 30, na kijijini habari zinaenea kwamba fulani amepata milioni 30. Sasa toa. Wakala aliyetafuta maonyesho anachukua, tuseme, asilimia 15, ambayo ni milioni 4.5. Serikali ya Marekani inakata kodi ya zuio ya asilimia 30 kwenye malipo ya msanii wa nje, tena kabla ya kutoa gharama: milioni 9. Ipo njia ya kuomba kodi hiyo ipunguzwe au sehemu yake irudishwe, lakini inataka fomu na mtu anayezijua. Nauli ya ndege, tuseme milioni 4 kwa kila mmoja.

Wakiwa wawili, nauli ni milioni 8. Zimebaki milioni 8.5. Viza, gari la kukodi, mafuta, chakula na kulala kwa wiki tatu vikila milioni 5, wanabaki na milioni 3.5, yaani milioni 1.75 kila mmoja. Si utajiri, lakini ni pesa.

Wakiwa 15, nauli peke yake ni milioni 60. Safari imekufa kabla ya mtu kuomba pasipoti, labda ubalozi au mfadhili agharamie.

Ndiyo maana ziara nyingi za muziki wa asili duniani, si za Wagogo tu, zinafanywa na wawili au watatu. Hata wakubwa wetu wa gitaa kavu walijua hesabu hii. Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo, vijana wa Katanga waliopiga gitaa na kuimba kwa Kiswahili, walifika Nairobi miaka ya 1950 wakiwa na magitaa yao tu. Bosco alikuwa amerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, na alipofika Nairobi sehemu ya riziki yake ilikuwa kutangaza dawa ya Aspro redioni. (Sisi wa redio tunapenda kulikumbusha hilo.) Gitaa moja, kiti kimoja cha basi. Barabara hiyohiyo ndiyo iliyomchukua: alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990.

Wa pili ndiye kijiji

Wanapobaki wawili, kazi zinagawanyika upya. Aliyekuwa kiongozi anaendelea kuongoza. Mwenzake anakuwa kila kitu kingine. Anaitikia kwa niaba ya watu 20, anashika mdundo ambao kwa kawaida ungeshikwa na ngoma tatu, anavaa njuga ili miguu yake iwe chombo cha tano, na anajaza pale kiongozi anapovuta pumzi. Kwa maoni yangu, mtu wa pili ndiye mwenye kazi ngumu zaidi, na ndiye ambaye magazeti ya nje hayamtaji. Sikiliza Charles kwenye rekodi zao: ilimba mbili zinasukana mpaka huwezi kusema kidole hiki ni cha nani.

Kuna na jambo la muda. Kijijini wimbo unakwisha watu wanapotosheka. Jukwaani kuna saa. Tamasha linakupa dakika 45 au 60, na fundi mitambo anakuonyesha vidole: zimebaki tano. Wimbo wa kuvuna ambao Dodoma ungejaza alasiri unapewa dakika sita, na watu wanaousikiliza hawajui Kigogo, hawajui kama ni wa harusi au wa msiba. Hakuna anayeitikia mpaka afundishwe kwanza. Wawili hao wanatengeneza kijiji upya kila jioni kwa watu wasiowajua, kisha wanafunga mizigo.

Halafu kuna suala la kulinganisha sauti. Ilimba na zeze za Kigogo hazifuati mpangilio wa kinanda. Zinafuata sauti zinazopatikana ndani ya uzi wenyewe unapotetemeka, zile unazozisikia ukiugusa uzi kidogo bila kuubana. Ndiyo maana waimbaji wa Kigogo wanafungana vizuri hivyo. Lakini mpiga gitaa wa Ulaya anapotaka kushiriki, lazima mmoja amfuate mwenzake. Ikiwa ilimba ndiyo itakayogongwa vijiti visogee ili ilingane na kinanda, muziki utasikika safi na utakuwa umepotea. Wanaojua kazi yao humwomba mwenye gitaa alegeze nyuzi zake.

Mizigo na mipaka

Watu wakifikiria ziara wanafikiria makofi. Sehemu kubwa ya ziara ni kusubiri. Unasubiri miadi ya viza Dar es Salaam, wanachukua alama za vidole, pasipoti inabaki kwao siku ambazo huwezi kwenda popote. Mtanzania anahitaji viza moja kuingia Uingereza na nyingine ya Schengen kuingia Ufaransa, Ujerumani au Uholanzi. Kwa Marekani mwaliko hautoshi: mwajiri au wakala wa kule anapaswa kuwasilisha ombi kwanza, na kuna aina maalumu ya viza, P-3, kwa wasanii wa sanaa za asili za jamii fulani. Viza ya mmoja ikikataliwa, watu wawili wameharibikiwa. Kundi la 15 linaweza kumwacha mmoja, wawili hawawezi.

Vyombo navyo vina mpaka wao. Ngozi ya mnyama pori aliye kwenye orodha ya mkataba wa CITES haivuki bila kibali, na afisa wa forodha ana haki ya kuichukua na kuiharibu. Kenge na chatu wamo kwenye orodha. Ngozi ya mbuzi au ng'ombe haimo, lakini nchi nyingi zina kanuni zake za magonjwa ya mifugo, hivyo chombo kinatakiwa kiwe kikavu, kisafi, bila nywele wala wadudu. Anayetengeneza ngoma ya kusafiri achague ngozi mapema, si siku ya kufungasha.

Kisha hali ya hewa. Ngoma iliyowambwa kwenye ukavu wa Dodoma inalegea kwenye unyevu wa Bagamoyo, na inalegea zaidi kwenye mvua ya Uingereza. Nyumbani tunaiotesha moto. Nyuma ya jukwaa la Ulaya ukiwasha moto wanaita zimamoto. Wasafiri wanatumia hita, au ile mashine ya kukaushia nywele, na inafanya kazi. Utando wa buibui kwenye ilimba ndio unaosumbua zaidi, kwa kuwa mzigo ukirushwa uwanja wa ndege unapasuka, na buibui wa huko si wetu. Aliye makini hubeba utando wa akiba umekunjwa kwenye karatasi, na ilimba hawekwi chini ya ndege, inakaa mkononi.

Wanaobaki

Ziara ya wiki tatu ni wiki tatu za shamba bila mtu. Kama ni msimu wa kupalilia, mtu lazima alipwe. Mtoto akiugua, habari zinafika kwa simu usiku wa manane, na aliye mbali hana la kufanya ila kutuma pesa ambayo bado hajalipwa, kwa sababu matamasha mengi hulipa baada ya onyesho, kwa benki, kwa siku kadhaa. Anaporudi anakuta watu wanamsubiri. Wanahesabu milioni 30. Yeye ana milioni 1.75. Undugu mwingi umevunjika hapo, na si kwa uchoyo, ila kwa hesabu ambayo haikuwekwa mezani kabla ya safari.

Kuna na deni lisilo la pesa. Nyimbo walizobeba wawili zilitungwa, zikasahihishwa na kutunzwa na watu wengi ambao hawakupanda ndege. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaligusa hili: kazi za asili za jamii zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake ya jadi, kunahitajika idhini, na chombo kilichopewa jukumu ni BASATA. Kwa wimbo ulioutunga mwenyewe, mahali pa kuusajili ni COSOTA. Vijana wanaotuandikia wengi hawajui tofauti ya hivyo viwili, na promota asiye mwema anafurahia kutojua kwao: jina lake likiingia kama mtunzi wa wimbo wa babu yako, mirabaha itakwenda kwake. Kabla ya kusaini karatasi yoyote ya kurekodi, tafuta sehemu iliyoandikwa nani ni mtunzi. Ni mstari mmoja tu. Kama karatasi ni ya Kiingereza, mpe mwalimu aisome kwa sauti mbele yenu wawili. BASATA pia ndiyo inayotoa kibali kwa msanii anayekwenda kutumbuiza nje, na kukiomba mapema kunakupa faida nyingine: ofisi inajua uko wapi na nani kakuita.

Hukwe Zawose alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, mwaka mmoja tu baada ya zile kumbi za Amerika Kaskazini. Muda si mrefu Charles naye akafariki. Hapo ndipo udhaifu wa muziki wa wawili unapoonekana. Kundi la 20 likipoteza mtu, wimbo unaendelea. Wawili wakiondoka, mpangilio waliouzoesha vidole vyao kwa miaka unaondoka nao, na kinachobaki ni rekodi. Rekodi hazikufundishi wapi pa kuvuta pumzi.

Waitikiaji wanapoongoza

Lakini nyumba ya Bagamoyo ilikuwa imejaa watu waliokuwa wakiitikia miaka yote. Na hapa kuna jambo linalohitaji kusemwa wazi. Safari inapopunguzwa hadi viti viwili, wa kwanza kuachwa ni waitikiaji na wapiga muheme, na wengi wao ni wanawake. Desturi iliwapa wanaume ilimba, zeze na uongozi wa wimbo. Hesabu ya nauli ikaja juu ya desturi, ikaifunga kwa kufuli.

Mwaka 2024 Real World ilitoa albamu iitwayo Maisha. Wenyewe ni wanawake wawili wanaojiita The Zawose Queens: Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake. Walikua wakiimba kiitikio na kupiga ngoma nyuma ya wanaume wa familia. Sasa wanaongoza nyimbo, wanatunga, na wanapiga vyombo ambavyo zamani vilikuwa vya kaka zao. Sehemu kubwa ya kurekodi ilifanyika Bagamoyo kwenyewe, watayarishaji Oli Barton-Wood na Tom Excell wakisafiri kuja, badala ya wanamuziki kufungiwa studio ya ugenini. Naiona hiyo kuwa habari kubwa kuliko albamu yenyewe. Mtayarishaji akija, nauli zinazolipwa ni za watu wawili tu, na kijiji kizima kinaweza kuingia kwenye wimbo bila pasipoti.

Sikiliza tofauti kama una bando. Kwenye rekodi za Hukwe na Charles utasikia uwazi: ilimba, zeze, sauti mbili, kimya kati yao. Kwenye Maisha ngoma ziko mbele, maana walioongoza ni watu waliokulia kwenye ngoma. Mdundo wa kielektroniki umeongezwa mahali fulani, na wapo wazee watakaokunja uso. Kuna nyimbo mbili tatu ambapo hata mimi ningeupunguza. Ila sauti zinavyofungana ni zilezile za kwetu.

Kwa wale wanaotuuliza waanzie wapi, hawana haja ya kuanza na London. Tamasha la muziki wa Kigogo limekuwa likifanyika Chamwino na kuleta vikundi vya vijijini jukwaa moja, Bagamoyo kuna tamasha la TaSUBa, na Zanzibar kuna Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na hufanyika Februari. Hayo ndiyo majukwaa ambayo mawakala wa nje huja kusikiliza. Nauli yake ni ya basi na boti, na mnaweza kwenda zaidi ya wawili.